Fausto Coppi: Bingwa wa baiskeli aliyechelewa kustaafu, akauawa na malaria

KATIKA kaunti za Homa Bay na Migori, mtu akishikwa na homa ya ghafla, jambo la kwanza analoambiwa na jamaa zake ni aende zahanati akapimwe damu. Si lazima awe na elimu kubwa. Mama mchuuzi wa omena kule Sori, kijana wa bodaboda mjini Rongo au mwanafunzi wa shule ya msingi kule Ndhiwa anafahamu vyema kwamba baridi ya mwili, kutetemeka na jasho jingi ni dalili ambazo hazifai kupuuzwa.

Maarifa hayo, ambayo wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wameyapata kwa gharama ya makaburi mengi, ndiyo yaliyokosekana katika hospitali ya mji wa Tortona, kaskazini mwa Italia, siku ya Mwaka Mpya wa 1960. Mwanamume mmoja wa miaka 40 alikuwa amelazwa humo akiungua kwa homa, huku madaktari wakiamini kwamba alikuwa ameshambuliwa na mafua makali yaliyoingia mapafuni. Kesho yake asubuhi, Januari 2, alikata roho.

Hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa Fausto Coppi, mwendesha baiskeli ambaye Waitaliano walimwita bingwa wa mabingwa. Alikuwa ametwaa taji la Giro d'Italia, mashindano ya kuzunguka Italia, mara tano, na Tour de France mara mbili. Aliuawa na malaria aliyoambukizwa Afrika Magharibi, alikokwenda kushindana katika umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuitundika baiskeli ukutani.

Angelo Fausto Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919, katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya mkoa wa Piemonte. Wazazi wake, Domenico na Angiolina, walikuwa wakulima wadogo, naye alikuwa mtoto wa nne kati ya watano. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kilichochomoza kama cha ndege. Akitembea kwa miguu hakuvutia macho ya mtu. Akipanda baiskeli, waliomwona walisimulia kwamba mwili na chuma viligeuka kuwa kitu kimoja.

Shule haikumkaa moyoni. Alipata kuadhibiwa kwa kutoroka darasani ili aendeshe baiskeli, na akiwa angali mvulana aliacha masomo na kwenda kufanya kazi katika bucha moja mjini Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli, akipanda na kushuka vilima kila siku ya kazi. Wakazi wa Homa Bay na Migori hawatatatizika kuipata taswira hiyo. Kabla ya pikipiki kutapakaa, vijana wangapi walijenga mapaja yao kwa kusukuma baiskeli aina ya Black Mamba zilizosheheni samaki, mkate au maziwa, kutoka ufuoni hadi sokoni?

Ami yake, baharia ambaye pia aliitwa Fausto, ndiye aliyemsaidia kupata fedha za kununua baiskeli ya mashindano. Na huko Novi Ligure akakutana na mtu aliyeyabadilisha maisha yake: Biagio Cavanna, bondia wa zamani aliyekuwa amepofuka na kugeuka mkandaji na mwalimu wa waendesha baiskeli. Cavanna hakuweza kumwona kijana huyo, lakini alimpapasa misuli, akasikiliza mapigo ya moyo wake, akatambua kwamba alikuwa ameletewa johari.

Mwaka wa 1940, Coppi alisajiliwa na timu ya Legnano. Hakusajiliwa kushinda. Alisajiliwa kumtumikia Gino Bartali, nyota wa Italia wakati huo na mshindi wa Tour de France ya 1938.

Hapa panahitaji maelezo kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu. Mbio za baiskeli za kulipwa huonekana kama vita vya mtu mmoja mmoja, lakini kwa hakika ni mchezo wa timu. Anayeendesha nyuma ya mwenzake hukingwa dhidi ya upepo na kuhifadhi nguvu nyingi. Kwa sababu hiyo, kila timu huwa na kiongozi, na waliosalia ni wasaidizi wake. Waitaliano huwaita gregari. Wao hutangulia mbele kuupasua upepo, humletea kiongozi maji na chakula, na gurudumu lake likipata pancha humpa la kwao, kisha wakabaki kando ya barabara wakisubiri gari la mafundi. Jina lao halitajwi jukwaani. Malipo yao ni mshahara, sehemu ya fedha za ushindi wa kiongozi, na heshima ya wenzao.

Wakenya walipata kuishuhudia sheria hiyo isiyoandikwa mwaka wa 2012. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli na David Kinjah, alionekana kuwa na nguvu milimani kuliko kiongozi wa timu yake, Mwingereza Bradley Wiggins, lakini akalazimika kupunguza mwendo na kumngoja. Wiggins akatwaa Tour de France na Froome akawa wa pili. Zamu yake ilifika mwaka uliofuata.

Kwa Coppi, zamu ilifika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Katika siku za mwanzo za Giro ya 1940, Bartali aligongana na mbwa, akaumia na kupoteza muda mwingi. Msaidizi akawa tumaini la timu. Kulikuwa na siku huko milimani ambapo kijana huyo alizidiwa na kukaribia kujiuzulu, na aliyemshurutisha kusonga mbele alikuwa Bartali mwenyewe. Bwana akawa amemtumikia mtumwa wake. Coppi alishinda mashindano hayo akiwa na umri wa miaka 20, na hadi leo hajatokea mshindi wa Giro mwenye umri mdogo kumliko. Siku moja baada ya mashindano kumalizika, Juni 10, 1940, Italia ilijitosa katika Vita vya Pili vya Dunia.

Vita vilimla miaka yake bora. Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli jijini Milan, aliweka rekodi ya dunia ya umbali wa saa moja, kilomita 45.798, ambayo haikuvunjwa hadi 1956. Miezi michache baadaye alipelekwa kupigana Afrika Kaskazini, na Aprili 1943 akatekwa na Waingereza nchini Tunisia. Wakati huo maelfu ya Waitaliano wenzake walikuwa tayari mateka nchini Kenya, wale waliojenga kanisa dogo lililo kandokando ya barabara ya Mai Mahiu. Coppi alibakia kambini Afrika Kaskazini hadi alipohamishiwa kusini mwa Italia kuwahudumia maafisa wa Uingereza, kabla ya kuachiliwa.

Aliporejea, alijiunga na timu ya Bianchi, na hapo ndipo ufalme wake ulipoanza. Machi 1946, katika mbio za Milan hadi San Remo, aliwaacha wapinzani wake nyuma kwa dakika 14. Mwaka wa 1947 akatwaa Giro ya pili. Mwaka wa 1949 akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: alishinda Giro na Tour de France katika mwaka mmoja. Siku ya kukumbukwa zaidi ilikuwa ile ya kutoka Cuneo hadi Pinerolo, alipoondoka peke yake na kuvuka vipito vitano vya milima ya Alps, kilomita 192 bila mwenzi. Bartali alifika wa pili, karibu dakika 12 baadaye.

Wakati huo Italia ilikuwa imegawanyika mapande mawili. Bartali, mcha Mungu na mtu wa desturi za zamani, alikuwa na wafuasi wake. Coppi, mtu wa mambo mapya, alikuwa na wake. Chuki ilipanda hadi kilele mwaka wa 1948 katika mashindano ya dunia kule Valkenburg, Uholanzi. Wote wawili walivaa jezi ya taifa moja, lakini kila mmoja alikataa kufanya lolote ambalo lingemfaidi mwenzake. Waliviziana hadi mbio zikawapita, kisha wakashuka kwenye baiskeli. Shirikisho la Italia liliwasimamisha kwa muda kwa aibu hiyo.

Ilikuwa kazi ngumu, basi, kwa kocha Alfredo Binda kuwaunganisha katika Tour ya 1949, kwani miaka hiyo mashindano hayo yalishirikisha timu za mataifa na wala si za kampuni. Kwenye safari ya kuelekea Saint-Malo, Coppi alianguka na baiskeli yake kuharibika. Alipoona kwamba gari la Binda halipo karibu, aliamini kwamba timu ilikuwa imemtupa kwa ajili ya Bartali, akataka kurudi kwao. Alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya dakika 30. Usiku huo Binda na wenzake walimbembeleza hadi akakubali kuendelea.

Walipofika milimani, Coppi na Bartali walikimbia pamoja. Siku ya kuingia Briançon ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bartali, aliyekuwa akitimiza miaka 35, na Coppi akamwachia ushindi. Kesho yake Bartali akaanguka. Coppi alimngoja hadi Binda alipomwagiza aende zake. Jijini Paris, Coppi alikuwa wa kwanza na Bartali wa pili.

Hata hivyo, uaminifu mkubwa zaidi katika maisha ya Coppi haukutoka kwa Bartali. Ulitoka kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa magazetini.

Wa kwanza alikuwa mdogo wake, Serse, aliyezaliwa 1923. Serse hakuwa na kipaji cha kakake, lakini alikuwa mcheshi, na ndiye aliyejua jinsi ya kumwondolea Fausto huzuni iliyomzidi mara kwa mara. Walikuwa timu moja. Serse alipata ushindi mmoja mkubwa, Paris-Roubaix ya 1949, aliotunukiwa pamoja na Mfaransa André Mahé baada ya utata kuhusu njia ambayo Mahé aliingilia uwanjani.

Juni 29, 1951, katika mbio za mkoa wa Piemonte, gurudumu la Serse lilinaswa na reli ya tramu jijini Turin. Alianguka na kugonga kichwa, lakini akainuka na kumaliza mbio, akarudi hotelini. Saa chache baadaye hali yake ilibadilika ghafla, akapelekwa hospitalini na kuaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Fausto alitaka kuacha mchezo huo papo hapo. Alikuwa na miaka 31, tayari alikuwa ameshinda karibu kila kitu, na hakuna ambaye angemlaumu. Huenda huo ndio uliokuwa wakati wake wa kustaafu kwa heshima na kwa usalama. Lakini siku chache tu baada ya mazishi alikuwa Ufaransa, kwenye mstari wa kuanzia Tour de France. Kiongozi wa timu ya baiskeli hajifungi yeye peke yake. Akiondoka, wasaidizi ambao mishahara yao imejengwa juu ya jina lake hubaki bila kazi, na wake zao na watoto wao hubaki bila chakula.

Katika Tour hiyo mwili wake ulimgomea. Kwenye njia ya kutoka Carcassonne hadi Montpellier, jua likiwaka vikali, alianza kutapika na kuyumba, akaachwa nyuma na kila mtu. Wenzake walirudi wakamzingira. Walimpa maji, wakamkinga, wakamsindikiza hadi mwisho, naye akaponea chupuchupu kuondolewa kwa kupita muda uliowekwa. Hakukuwa na ushindi wa kutafuta siku hiyo wala fedha za kugawana. Alimaliza mashindano akiwa wa 10.

Mwaka uliofuata alirudi akiwa mtu mwingine, na ndipo kilipotokea kisa cha Andrea Carrea. Carrea alikuwa gregario wa Coppi, jirani wa kule kwao, mtu aliyenusurika kambi ya mateso ya Buchenwald wakati wa vita. Katika Tour ya 1952, siku ya kuingia Lausanne, alijiunga na kundi lililochomoka mbele ili kulinda maslahi ya timu. Kundi hilo lilifika mapema mno hivi kwamba Carrea akajikuta anaongoza Tour de France nzima. Alipoambiwa aende akavishwe jezi ya manjano, ndoto ya kila mwendesha baiskeli duniani, alitokwa na machozi. Hayakuwa machozi ya furaha. Aliogopa kwamba amemkosea bwana wake, akamwendea Coppi kumwomba radhi.

Coppi hakuona kosa, akampongeza. Kesho yake, katika mwinuko wa Alpe d'Huez ambao Tour ilikuwa ikiupanda kwa mara ya kwanza, Coppi alishinda na kuichukua jezi hiyo kwa tofauti ya sekunde tano tu. Carrea alipumua. Coppi alitwaa Tour hiyo kwa zaidi ya dakika 28, pengo kubwa mno kiasi cha waandalizi kulazimika kuongeza zawadi ya nafasi ya pili ili wengine wapate sababu ya kushindana.

Kwa macho ya leo, machozi ya Carrea yanaweza kuonekana kama unyonge. Wapo watakaosema kwamba mtu aliyepitia Buchenwald hakustahili kumwomba radhi mtu yeyote kwa ajili ya kitambaa cha rangi ya manjano. Lakini Carrea hakuwahi kulalamika juu ya maisha aliyoyachagua, na alipofariki mwaka wa 2013 alikumbukwa kwa siku hiyo moja kuliko mabingwa wengi wanavyokumbukwa kwa vikombe vyao.

Mwaka wa 1953 Coppi aliongeza Giro ya tano na ubingwa wa dunia kule Lugano, Uswisi. Alikuwa na umri wa miaka 33, kati ya 34. Baada ya hapo mlima ukaanza kuteremka.

Kwanza ilikuja fedheha ya nyumbani. Coppi, aliyekuwa na mke na binti, alianza uhusiano na Giulia Occhini, mke wa daktari, ambaye magazeti yalimbandika jina la Bibi Mweupe. Nchini Italia wakati huo uzinzi ulikuwa kosa la jinai. Occhini alitiwa kizuizini kwa muda, na mwaka wa 1955 wote wawili wakahukumiwa vifungo vilivyoahirishwa. Mtoto wao wa kiume ilibidi azaliwe Argentina. Umati uliokuwa ukimshangilia Coppi ulianza kumzomea barabarani.

Pili, umri. Mwaka wa 1955 alishindwa katika Giro kwa sekunde 13. Mwaka wa 1956 alikaribia kushinda mbio za Lombardia, ambazo alikuwa amezishinda mara tano, lakini akafikiwa jirani na mwisho na kupitwa na Mfaransa André Darrigade hatua chache kabla ya utepe. Alilia hadharani. Mifupa ilivunjika, ikaunga, ikavunjika tena. Hakuacha.

Wapo waliojua kuondoka. Mbelgiji Eddy Merckx, mshindi wa Tour mara tano, aliacha mwaka wa 1978 akiwa na miaka 32. Mfaransa Bernard Hinault alitangaza mapema kwamba angestaafu akitimiza miaka 32, na Novemba 1986 akatimiza ahadi hiyo ilhali angali na nguvu za kushinda. Bartali mwenyewe aliacha akiwa na miaka 40. Coppi alifika umri huo huo na bado alikuwa akitafuta mkataba.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Fedha zilikuwa mojawapo, kwa kuwa waandalizi wa mbio ndogondogo walimlipa kwa kuonekana tu, hata akimaliza mkiani. Jina lake lilijaza uwanja. Lakini kwa mtu aliyeanza kusukuma pedali akiwa mtoto wa bucha, aliyempoteza mdogo wake na amani ya nyumbani, baiskeli ilikuwa mahali pekee ambapo maisha yalieleweka. Mwishoni mwa 1959 alikubali kujiunga na timu ya San Pellegrino kwa msimu wa 1960. Mkurugenzi wa timu hiyo alikuwa Gino Bartali. Mahasimu wawili waliokaribia kuigawa nchi sasa wangefanya kazi chini ya bendera moja.

Msimu huo haukufika. Desemba 1959, Coppi alialikwa Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, pamoja na Wafaransa Jacques Anquetil, Louison Bobet, Roger Hassenforder, Henry Anglade na Raphaël Géminiani. Nchi hiyo, chini ya Maurice Yaméogo, ilikuwa inajiandaa kwa uhuru alioupata mwaka uliofuata. Nyota hao walishindana na waendesha baiskeli wenyeji jijini Ouagadougou Desemba 13, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani, waliokuwa marafiki na waliowahi kuwa katika timu moja, walilala chumba kimoja. Mbu walikuwa wengi.

Vimelea vya malaria aina ya falciparum, ambavyo ndivyo vinavyotawala pia magharibi mwa Kenya, kwa kawaida huchukua kati ya wiki moja na mbili kabla ya kumwangusha mtu. Coppi alirudi Italia akiwa mzima. Mwishoni mwa mwezi homa ikampanda. Wakati huo huo, huko Ufaransa, Géminiani naye akaanguka na kupoteza fahamu.

Tofauti ya wawili hao ilikuwa tone la damu. Damu ya Géminiani ilipelekwa kwenye Taasisi ya Pasteur, vimelea vikaonekana, akapewa kwinini. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, jamaa zake walipiga simu Italia kuwaarifu waliomtibu Coppi kwamba huenda ugonjwa ulikuwa ule ule. Walijibiwa kwamba madaktari wa huko walijua walilokuwa wakilifanya.

Lililo chungu zaidi ni kwamba Italia haikuwa ngeni kwa malaria. Jina lenyewe la ugonjwa ni la Kiitaliano, likimaanisha hewa mbaya. Tangu sheria ya mwaka 1900, serikali ya Italia iliuza kwinini kwa bei nafuu hadi katika maduka ya tumbaku. Vinamasi vya kusini mwa Roma vilikaushwa katika miaka ya 1930, na baada ya vita nyumba zikapulizwa dawa ya DDT kote nchini. Kampeni hiyo ilifaulu mno. Kufikia Desemba 1959, malaria ilikuwa imekaribia kutoweka nchini humo, na pamoja nayo ikawa imetoweka tabia ya kuishuku.

Maelfu ya watu walipanda kilima cha Castellania Januari 4 kumzika. Januari 2002 zilichapishwa tetesi nchini Italia kwamba aliuawa kwa sumu barani Afrika. Waendesha mashtaka walifungua uchunguzi, kisha wakaufunga kwa kukosa ushahidi.

Tangu 1965, kipito cha juu kuliko vyote katika kila Giro huitwa Cima Coppi. Mwaka wa 2019, karne moja tangu azaliwe, kijiji chake kilibadilishwa jina na kuwa Castellania Coppi. Mwaka huo huo, Septemba 13, siku mbili kabla ya maadhimisho ya karne hiyo, Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto katika kaunti ya Homa Bay. Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa kwa majaribio hayo, na mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana zaidi.

Fausto na Serse wamezikwa pamoja kijijini kwao. Raphaël Géminiani, aliyeumwa na mbu wa chumba kile kile, alipona, akaendelea na mchezo huo, kisha akawa mmoja wa wakurugenzi mashuhuri wa timu nchini Ufaransa. Aliaga dunia Julai 5, 2024, akiwa na umri wa miaka 99.